MAJI YANAYOPITA NDANI YA JIWE

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani hapa Bulengera,

Jiwe ni gumu, lakini maji hulipitia. Ndani yake mna nyufa, nyingine nyembamba kuliko unywele, na maji huzifuata. Hayajui mpaka wa mgodi.

Iko namna ya kuchimba shaba inayotumia jambo hili. Hutobolewa visima. Kupitia baadhi yake husukumwa maji yenye asidi ya salfa. Yakipita katika nyufa huyeyusha shaba, kisha huvutwa juu kwa visima vingine. Huko Florence, jimbo la Arizona, Marekani, jaribio la kazi hiyo lilianza 2018. Kanuni kubwa ni hii: maji yanayovutwa yazidi yanayosukumwa, ili yasitoroke na kufikia maji ya kunywa.

Hata pasipo pampu, mvua hufanya vivyo hivyo. Mawe yenye salfa na chuma yakikutana na maji na hewa hutoa asidi, nayo huyeyusha shaba. Tazameni jirani zetu wa ng'ambo ya Rwenzori. Mgodi wa shaba wa Kilembe, Uganda, ulisimama 1982, lakini mvua iliendelea kupita katika mabaki yake. Mafuriko ya mto Nyamwamba, 2013 na 2020, yalibeba mabaki hayo kuelekea bondeni.

Basi, shikeni haya:

1. Msinywe wala kupikia maji yatokayo katika shimo la mgodi au chini ya rundo la mawe yake. Rangi ya buluu kama mrututu, au matope ya rangi ya kutu, ni alama ya hatari. Lakini hata maji maangavu yaweza kuwa na sumu.

2. Kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi shaba wala asidi.

3. Asidi ikikurukia, vua nguo upesi, jioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha. Ikiingia jichoni, lishike wazi ukiliosha. Usipake mafuta. Kisha njoo kwenye kituo cha afya.

4. Aliyekunywa maji hayo aletwe mara moja, hata kabla ya tumbo kuuma. Msimlazimishe kutapika. Leteni na maji yenyewe kidogo katika chupa.

Mama, kabla mtoto hajajaza bidoni, muulize: maji haya yanatoka wapi?