Egesarate: Mahali Pametoweka, Neno Limebaki

Kila lugha ina maneno ya kutajia mahali pasipokanyagwa mara kwa mara. Waswahili husema nyika au pori, na mahali palipohamwa na watu hupaita mahame. Wajaluo, majirani wa Wakisii, boma lililohamwa huliita gunda. Katika Ekegusii, lugha ya Wakisii, liko neno jingine linalostahili kuchunguzwa: egesarate, na wingi wake ebisarate.

Maana yake ni kambi ya ng'ombe. Hapo kale ng'ombe wengi hawakulala nyumbani kwa mzee mwenye mali. Waliwekwa kando, mbali na nyumba, wakazungushiwa ua, wakalindwa na vijana ambao hawajaoa. Vijana hao walichunga, na adui alipokuja kuteka mifugo walishika mikuki. Wazee, wake na watoto walikaa bomani. Kwa hiyo egesarate ilikuwa pia chuo, ambamo kijana alifunzwa ushujaa na wenzake.

Serikali ya Waingereza haikupendezwa nayo. Kituo chake cha Kisii kilianzishwa mwaka 1907, na mwezi Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wake, Bwana Northcote, ambaye alipona. Vijana wenye silaha, wanaokaa pamoja mbali na wazee wao, walionekana kuwa hatari. Mnamo miaka ya 1912 na 1913 ebisarate zikapigwa marufuku, vijana na ng'ombe wakarudishwa majumbani.

Leo, katika kaunti za Kisii na Nyamira, ni taabu kupata mahali pasipokanyagwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Kisii ina watu 1,266,860, yaani zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, na Nyamira watu 605,576. Palipolishwa makundi ya ng'ombe pamepandwa chai, ndizi na mahindi.

Neno lisilo na mahali pa kuonyeshwa huzeeka upesi. Kijana akilisikia kwa babu yake asidhani ni zizi tu, maana zizi lilikuwako hata nyumbani. Na aulize: egesarate ya ukoo wetu ilikuwa upande gani wa mto? Jibu hilo halimo vitabuni. Limo vinywani mwa wazee waliosimuliwa na baba zao, na wazee hao wanapungua kila mwaka.