Utangulizi: Umeme wa Trekta Kuukuu

Trekta ikigoma kuwaka asubuhi ya Juni pale Laela au Mpui, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Mwenyewe huifungua, huipakia kwenye bodaboda hadi Sumbawanga mjini ikachajiwe, na kesho yake mashine inanguruma. Wiki haiishi, imegoma tena. Hapo hununuliwa betri mpya kwa bei ya magunia ya mahindi, nayo kabla ya msimu kwisha inasemekana ni feki. Kitabu hiki ni cha huyo mwenye trekta, cha fundi wake, na cha mwanafunzi wa ufundi aliyefundishwa kubadilisha vifaa bila kufundishwa kutafuta ubovu. Karibuni wote. Hisabati inayohitajika ni kuzidisha na kugawanya tu.

Nadai jambo moja tangu mwanzo: katika trekta kuukuu umeme ni nadra kukosekana; kwa kawaida unapotelea njiani. Tena njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi. Fundi hufuata waya mnene kutoka betri hadi stata, akiukuta mzima anafunga kazi. Safari ya kurudi, inayopita kwenye gamba la stata, bolti, bloku ya injini, kisha waya wa asi (earth) hadi kwenye hasi ya betri, haigusi, kwa sababu sehemu kubwa yake haina waya wa kufuata. Kutu, rangi na grisi iliyokauka hujificha humo.

Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na kwetu sisi inatosha: volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Tuseme stata inavuta ampia 200, na kwenye kiungo cha asi kuna ukinzani wa omu 0.01. Zinapotea volti 2, na kiungo hicho kinageuka jiko la wati 400. Mita ya bei rahisi haiwezi kuiona omu 0.01, itakuandikia sifuri, nawe utasema waya ni mzima. Waya uliobakiwa na nyuzi chache utaipita mita bila shida, lakini hautaweza kuibeba stata.

Kwa hiyo tunapima trekta ikiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC. Kidole cheusi kiguse nguzo ya risasi ya hasi yenyewe, si kibano kinachoibana; chekundu kiguse chuma kilichokwanguliwa kwenye gamba la stata. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde chache huku gia ikiwa huru. Ukisoma chini ya nusu volti, njia ya kurudi ni salama. Ukisoma 2, umeshampata mwizi. Sogeza kidole cheusi kiungo kwa kiungo, na pale namba inapoanguka ghafla ndipo alipo. Usipokuwa na mita, gusa viungo kwa uangalifu mara baada ya kuzungusha: chenye moto ndicho chenye kosa. Nimeona betri nzuri zikitupwa kwa kosa la bolti moja iliyohitaji msasa.

Uwanda wa juu wa Ufipa una mambo yake. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri saa ileile inapoifanya oili kuwa nzito. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Stata ikizunguka kivivu, joto hilo halifikiwi. Volti 2 zilizopotea hapa zinakulaza na njaa, ilhali kule Muze, chini kwenye joto la bonde la Rukwa, trekta hiyohiyo ingewaka. Halafu kuna miezi ya kukaa bure baada ya kulima: betri inajimaliza yenyewe taratibu, na panya wa ghala la mahindi wanapanda kutafuna waya. Fungua kifuniko cha dashibodi kabla ya kulaumu kingine chochote.

Ubovu huu huishi miaka kwa sababu injini ya zamani ya dizeli, ikishawaka, mara nyingi haihitaji umeme tena. Ndiyo maana trekta nyingi huegeshwa kwenye mteremko. Inasukumwa, inawaka, inalima kutwa nzima, na hakuna anayeuliza altaneta inafanya nini. Altaneta ikiwa nzima, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4 injini ikizunguka. Ikibaki 12 na kitu, hakuna chaji inayoingia.

Msomaji atakutana na nyaya za kila asili: Massey Ferguson za Uingereza, Valmet za Finland zilizounganishwa Kibaha, Farmtrac za India zilizoletwa enzi za kampeni ya Kilimo Kwanza, iliyotangazwa mwaka 2009. Katika utaratibu wa Kiingereza, kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe hutoka swichi ya ufunguo, kijani hupita kwenye fyuzi, nyeusi ni asi. Jueni rangi hizo, kisha msiziamini sana. Trekta ya miaka 40 imeshapita mikononi mwa watu wengi, na wengine waliifunga waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, ambao mtikisiko huukata ndani huku gamba likibaki zima.

Sura ya kwanza inaanza na betri, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Ila kabla ya kuifungua sura hiyo, nenda ukatazame ni nguzo ipi imefungwa kwenye bodi. Trekta kadhaa za Kiingereza za zamani zilitengenezwa chanya ikiwa ndiyo asi. Ukiishtua mashine kama hiyo kwa betri ya pembeni kwa kufuata mazoea ya gari, utaunguza waya, na ikiwa kuna mtu aliyeibadilisha dainamo kwa altaneta, diodi zake zitakufa kabla hujasikia harufu. Katika trekta hizo, vipimo vyote vya kurasa hizi hubaki vilevile. Vidole vya mita ndivyo vinavyobadilishana nafasi.