Moshi wa mabua shambani, kikohozi cha mtoto nyumbani

Mavuno ya mahindi yamekwisha, mvua za Novemba zinakaribia. Katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, Septemba na Oktoba ni miezi ya kuandaa mashamba, na njia inayoonekana rahisi ni kiberiti. Mabua yanakusanywa, yanawashwa, na kufikia jioni shamba ni jeupe. Usiku, kwenye nyumba iliyo upande upepo unakoelekea, mtoto anakohoa.

Moshi huo hubeba chembe ndogo kuliko upana wa unywele kwa zaidi ya mara 20. Pua haiwezi kuzizuia, hata kitambaa chenye maji hakizizuii. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto huumia zaidi kwa sababu hupumua haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa bado ni nyembamba. Mwenye pumu anaweza kubanwa usiku huohuo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Moshi wa kuni ndani ya nyumba ni moja ya mambo yanayoongeza hatari. Mtoto aliyekwisha kuvuta moshi wa jikoni anaongezewa wa shamba.

Mzazi aangalie nini?

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mpeleke kituo cha afya ukihesabu:

- 50 au zaidi, mtoto wa miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi, mtoto wa mwaka 1 hadi 5

Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usingoje kukuche.

Hasara nyingine

Mabua yakiungua, karibu nitrojeni yake yote hupotea hewani. Ni kirutubisho kilekile ambacho baba au mama hukinunua dukani kwenye mfuko wa urea. Udongo nao hubaki wazi, mvua ya kwanza ikausomba.

Mabua yanaweza kulishwa ng'ombe, kuchanganywa na samadi kuwa mboji, au kukatwa vipande vifupi na kutandazwa shambani yatunze unyevu. Kazi inaongezeka, ndiyo. Lakini shamba linapata mbolea, na mtoto analala bila kukohoa.