Nguruwe Mwitu: Kwa Nini Huingia Katika Nchi Mpya

Watu wengi wanaokaa Bombolulu, ng'ambo ya daraja la Nyali, hutafuta riziki yao mjini, lakini shamba la wazee wao liko Kwale au Kilifi. Mtu hutuma fedha za kulimia, jamaa zake hupanda muhogo na mahindi, kisha hufikiwa na habari kwamba nguruwe wameingia usiku mmoja na kuharibu kazi ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo yafaa tueleze mnyama huyu ni wa namna gani, jinsi anavyoenea, na mambo ambayo mwenye shamba aweza kuyafanya pasipo kuvunja sheria.

Kwanza ifahamike kwamba nguruwe mwitu si ngiri. Ngiri hutembea mchana katika mbuga za majani, na usiku hulala shimoni. Nguruwe mwitu hupenda vichaka na misitu iliyo karibu na maji. Mchana hujificha, na usiku hutoka kula. Huenda kwa kundi, dume na majike na watoto wao. Jike huchukua mimba muda wa miezi minne hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu au wanne. Chakula chake ni mizizi, matunda na wadudu, naye hufukua ardhi kwa pua. Basi akiona muhogo hana haja ya kwenda mbali, na hata minazi michanga huing'oa.

Katika pwani ya Kenya wanyama hawa hupatikana katika misitu kama Arabuko-Sokoke na Shimba Hills. Zipo sababu mbili kubwa za kuingia kwao mashambani. Ya kwanza ni kwamba adui zao, yaani chui, simba na fisi, wamepungua au wametoweka mahali pengi. Ya pili ni ukulima wetu wenyewe. Tukikata msitu nusu nusu na kuacha vichaka katikati ya mashamba, tumempa nguruwe nyumba na chakula mahali pamoja. Shamba lililoachwa likageuka pori nalo humfaa vivyo hivyo.

Lakini si kila mara nguruwe hufika kwa miguu yake. Jamaa ya nguruwe hawa wako katika kisiwa cha Madagaska, na wataalamu hudhani kwamba walivushwa bahari na watu. Huko Marekani, Hernando de Soto aliwapeleka nguruwe Florida mwaka 1539, na baadhi ya nguruwe wa wageni wa zamani walitoroka wakawa wa mwituni. Baadaye wapenda kuwinda waliongeza nguruwe mwitu wa Ulaya, na wengine wakawachukua kwa magari na kuwafungulia katika nchi mpya, ili wapate windo karibu. Leo nguruwe hao wameenea katika majimbo zaidi ya 30, na hasara yao kwa wakulima ni kubwa mno.

Habari hiyo ina funzo kwetu. Wako wasemao kwamba uwindaji wa starehe ukifunguliwa nguruwe watakwisha. Lakini awindaye kwa starehe hataki windo lake liishe. Isitoshe, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo. Mtego nao hauchagui. Kitanzi kilichotegewa nguruwe chaweza kumnasa mbwa wa jirani, au palahala, ambao katika Kenya nzima wamebaki Shimba Hills tu. Sumu ni mbaya zaidi, kwa maana yaweza kumfikia mtoto.

Wafugaji wa nguruwe wana jambo jingine la kuangalia. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo habari zake za kitaalamu zilitangazwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921, hukaa katika ngiri na nguruwe mwitu bila kuwadhuru, na papasi wa mashimo ya ngiri huichukua. Haiwapati watu, lakini nguruwe wa kufugwa hufa kwa wingi, wala haina dawa ya kuiponya. Kwa hiyo nguruwe wafungwe bandani, wala wasilishwe mabaki ya nyama.

Mwenye shamba na afanye haya. Afyeke vichaka vilivyo mpakani. Muhogo aupande karibu na nyumba, si ukingoni mwa msitu. Ua uwe imara zaidi chini, maana nguruwe haruki bali hupenya kwa kufukua. Majirani walinde kwa zamu madunguni, hasa mazao yanapokaribia kukomaa. Wakivamiwa, habari ipelekwe upesi kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla nyayo hazijafutika.

Ua wa shamba moja humpeleka nguruwe kwa jirani tu, naye kesho atarudi. Afadhali mtu wa Bombolulu anayetuma fedha za jembe atume pia fedha kidogo za ua, akubaliane na majirani zake wa shambani wafanye kazi hiyo siku moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.