Mnara na Kunguru wa Namanga

Njooni, wapwa zangu, njooni tukae hapa kivulini.

Mnaujua ule mnara wa simu unaoonekana mtu akitoka sokoni Namanga? Ule wenye kiota cha kunguru kileleni? Jana mmoja wenu aliniuliza: "Mjomba, ule mnara unatuletea ugonjwa?"

Swali zuri! Tumuulize mwenyewe.

"Ee Mnara, unatuletea ugonjwa?"

Mnara akakohoa kidogo. Akasema: "Kazi yangu ni kutuma mawimbi ya redio. Hapa mpakani nina kazi kwelikweli. Mtu akivuka hatua chache tu, simu yake inashika netiweki ya Tanzania. Akirudi, ananitafuta mimi."

"Mawimbi yako yanachoma?"

"Mmewahi kuota moto uani? Ukikaa karibu, magoti yanapata joto. Ukisogea mbali mara mbili ya pale, joto linalokufikia linabaki robo. Ukisogea mara kumi, linabaki sehemu moja ya mia. Nami ni hivyo hivyo. Mawimbi yangu yakizidi sana hupasha mwili joto, kwa hiyo fundi hakai mbele ya antena zangu zikiwa zimewashwa. Wewe unayecheza huku chini yanakufikia kidogo mno."

Kidogo kiasi gani? Swali zuri! Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2006 kwamba mawimbi yanayowafikia watu kutoka kwenye minara yalipimwa, yakakutwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango kinachokubalika kimataifa.

"Lakini Mjomba, si ni kama eksirei?"

La. Eksirei ina nguvu ya kuharibu vitu vidogo sana vilivyomo ndani ya mwili. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo.

Kunguru akadakia kutoka juu: "Mimi nimelea watoto hapa, na wote wanaruka!"

Asante, Kunguru, ila wewe si daktari. Tuwasikilize waliochunguza.

Mwaka 2011 wataalamu wa saratani walikutana Lyon, Ufaransa. Wakayaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Watu wakashtuka! Kilichowatia wataalamu shaka hasa ni simu inayobanwa sikioni kwa saa nyingi. Na neno lao lilikuwa "huenda", wala hawakusema "imethibitishwa". Baadaye dondoo ya jani zima la aloe vera nayo ikaingia kundi hilo hilo. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioombwa na Shirika la Afya Duniani, uliopitia tafiti za miaka mingi. Haukuona kwamba simu zinaleta saratani ya ubongo.

"Basi kwa nini jirani yetu anaumwa kichwa tangu mnara ujengwe?"

Hapo umeuliza! Msimcheke jirani. Kichwa kinamuuma kweli. Sikilizeni kisa cha Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 2007. Waliitwa watu waliosema minara inawaumiza. Walipoambiwa, "Sasa tumewasha," wakajisikia vibaya. Kisha mawimbi yakawashwa na kuzimwa kwa siri. Hata mpimaji hakujua. Je, walitambua lini yamewashwa? Hawakutambua, walibahatisha tu. Hofu peke yake inaweza kumlaza mtu macho usiku kucha, na asiyelala huamka na kichwa kizito.

Haya, sasa niwape siri ya simu. Simu ikiwa mbali na mnara hujikaza ili isikike. Huongeza nguvu, nayo iko sikioni mwako! Mnara ukiwa karibu, simu hutumia nguvu kidogo. Kwa hiyo anayeukimbia mnara huku ameibana simu sikioni kutwa nzima, mimi namwona amekosea hesabu. Weka spika, ama andika ujumbe.

"Kwa hiyo mnara hauna ubaya wowote?"

Ngoja kwanza. Mimi nina mashaka na vitu vingine pale. Kama mnara unatumia jenereta ya dizeli, moshi wake unakera kifua na ngurumo yake inakatiza usingizi. Ua wake ukitoboka, mtoto anaweza kuingia na kupanda. Msipande kamwe! Mambo haya hayahitaji hata chombo cha kupimia. Pua, macho na masikio yanatosha.

Ndiyo maana Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Mnara haujengwi kabla athari zake hazijaangaliwa, na majirani wana haki ya kupeleka maoni yao NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi.

"Hata sisi watoto tuulize, Mjomba?"

Nyinyi ndio muanze! Siku mnara mpya ukitaka kujengwa, mwambieni baba aandike: jenereta itawekwa upande gani, na moshi wake utaingia dirisha la nani?