Pugi na Ninga, Ndege Wawili wa Jamii ya Njiwa

Mkulima aonapo njiwa wametua shambani kabla ya mvua za Oktoba, mara huwahesabu wote kuwa wezi wa mbegu. Lakini njiwa si wa namna moja.

Huko Tulia, katika nchi ya Kitui, penye vichaka pana pugi. Husikiwa kabla ya kuonekana: huanza kulia polepole kama mwenye kusitasita, kisha sauti huenda mbio ikishuka mpaka ikazimika. Ni ndege mdogo, urefu wake kiasi cha sentimita 20, wa rangi ya kahawia, kichwa cha kijivu, na mbawani ana madoa ya kijani yanayong'aa juani. Chakula chake hukiokota chini, hasa mbegu za nyasi na magugu. Hana desturi ya kuparura ardhi kwa miguu kama kuku; hula kilicho wazi tu. Basi kunde au mtama uliofukiwa vizuri haumhusu sana. Wanaomaliza mtama ukiwa shambani ni kwelea, nao si njiwa hata kidogo.

Ninga ni mwingine kabisa. Ni mkubwa kuliko pugi, mwili wake kijani chenye umanjano, na mdomo wake ni mwekundu penye shina. Kushuka chini kwake ni nadra. Hutambaa matawini na kuning'inia kichwa chini kama kasuku, akichuma matunda, na tunda alipendalo kupita yote ni kuyu. Kundi zima laweza kuwa ndani ya mkuyu, na mtu akapita chini asione hata mmoja, ila asikie makuyu yakidondoka. Mlio wake ni wa kukwaruza na miluzi. Asiyemjua hawezi kudhani ni njiwa.

Kwa kulea wanafanana: mume na mke huwalisha makinda maziwa mazito yatokayo katika gole.

Tofauti yao kubwa ni hii: pugi hupata riziki hata katika kichaka kilichokatwa-katwa, bali ninga hutegemea miti ya matunda. Mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja. Mmoja ukiisha, ninga huhamia mwingine. Ikikatwa kwa makaa, au kingo za mto zikibomolewa na wachimbao mchanga, safari kutoka mti hata mti huwa ndefu, na ninga huhama. Mikuyu ya mathembo, mahali pa ibada ya Wakamba, ilihifadhiwa kwa kuwa wazee walikataza kuikata.