Tronsonezi ya zamani: kabla hamjatoa pesa ya likelemba

Mwezi huu tunaongea juu ya mashine ya kukata miti. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita tronsonezi, Wakenya wanasema pawasoo, na Kiswahili cha vitabu kinasema msumeno wa mnyororo. Sababu ya kuandika ni kwamba kuna likelemba hapa kambini ambazo zimeanza kuweka pesa ili kununua tronsonezi ya zamani Bujumbura, wapate kupasua mikaratusi ya wenyeji wanaotaka mbao. Ni wazo zuri. Lakini mashine hii inaweza kulisha nyumba, na inaweza pia kuondoa mguu wa baba wa hiyo nyumba. Afadhali tujue kinachonunuliwa.

Watu wanauliza, kwa nini ya zamani? Mpya ni ghali, hilo kila mtu analijua. Tena, ya zamani inafunguka. Ukiwa na bisibisi, funguo na uvumilivu, unaona kila kitu kinavyofanya kazi. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza yake ya kwanza mwaka 1926, ya umeme, ikishikwa na watu wawili. Ya petroli ilikuja 1929 na uzito wake ulikuwa kilo 46, sawa na mfuko wa simenti karibu ujae! Mwaka 1950 ndipo ilipatikana ya kubebwa na mtu mmoja. Ile kubwa inayojulikana sana katika misitu yetu, Stihl 070, iko na injini ya zaidi ya sisi 100, na ndiyo waliyoitumia wengi kupasua mbao kule Kongo ya mashariki.

Mnyororo wenyewe uko na hadithi yake. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, aliona funza wa mdudu akitafuna gogo, kushoto na kulia, bila kuchoka. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, mwaka uliofuata akafungua kampuni. Mnyororo wa leo bado unafuata wazo la funza yule. Ninapenda kuwaambia wanafunzi wangu jambo hili, kwa sababu hata funza alikuwa mwalimu.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanakusanya tronsonezi za zamani, wanazipaka rangi na kuziweka kwenye rafu bila kukata hata tawi. Fundi wa kwetu anakusanya pia, lakini kwa sababu nyingine: mashine mbili zilizokufa zinazaa moja nzima. Ukipata ruhusa ya kutoka kambini na ukishuka Bujumbura, uliza Buyenzi. Ni mtaa wa mafundi wa injini, na Kiswahili ndiyo lugha ya barabarani pale, kwa hiyo hautahitaji mkalimani. Ila kusikilizana na muuzaji siyo kuangalia mashine.

Usikubali kudanganywa na rangi mpya. Wakati injini ni baridi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uache mashine ining'inie polepole. Ikishuka kidogo kidogo kwa kusitasita, injini bado iko na nguvu ya kubana. Ikianguka moja kwa moja kama ndoo kisimani, rudisha pesa mfukoni. Halafu omba fundi afungue egzosi, umulike pistoni kwa tochi. Ikiwa na mikwaruzo mirefu, ilitumiwa na esansi isiyo na mafuta, na dawa yake ni pistoni nyingine, pengine na silinda pia. Anayekataa kufungua egzosi amekwisha kukujibu.

Mambo mengine siyo ya kuogopesha. Buji inasafishwa. Platini zilizoungua zinasuguliwa kwa msasa laini na pengo linarudishwa kwenye milimita 0.4 hivi. Ndani ya karabureta kuna ngozi nyembamba ya mpira ambayo inakauka na miaka. Hiyo inabadilishwa tu, msikubali iwekwe ya kukata kwenye kitu chochote.

Sasa esansi. Injini hii haina mafuta yake ya pembeni, inanywa yale yaliyochanganywa na petroli. Kwa mashine nyingi za zamani kipimo ni moja kwa 25, yaani mililita 40 za mafuta ya tutaimu kwa kila lita. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inataka mililita 60, ambazo ni vijiko vinne vya chakula. (Kijiko hicho kisirudi tena jikoni!) Tangu 2021 Burundi imepita katika vipindi vingi vya ukosefu wa mafuta, na 2024 ilikuwa mbaya sana, ndiyo maana watu walizoea kununua ya chupa bila kujua ilikotoka. Iache itulie ndani ya chupa inayoonyesha: maji yanakaa chini, petroli juu. Mimina ya juu tu, upitishe kwenye kitambaa, na wamama mnisaidie hapa, isifanyike karibu na mbabula.

Kuhusu hatari, nitasema wazi. Mashine nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya ile bapa ikigusa mti, mashine inaruka nyuma kuelekea uso, na mtu hana muda wa kufikiri. Basi ncha isiguse kitu, usikate juu ya bega, dole gumba la mkono wa kushoto lipite chini ya mpini. Na watoto wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Hatari ya pili inakuja polepole. Mashine ya zamani inatetemeka sana. Mzee mmoja jirani yetu alipasua mbao Itombwe kwa miaka mingi. Asubuhi ya baridi vidole vyake vinakuwa vyeupe na anafungiwa vifungo vya shati na mjukuu. Ugonjwa huo ukifika mbali haurudi nyuma. Japani, miaka ya 1970, wakata miti waliwekewa saa 2 kwa siku. Likelemba yenye watu wanne iko na bahati hapo, mnaweza kupokezana.

Mnyororo upakwe mafuta safi, siyo yale meusi yaliyomwagwa na gari, yako na unga wa chuma. Meno yanolewe kwa tupa ya duara, yote urefu mmoja: digrii 30 kwa kukata gogo, digrii 10 tu kwa kupasua mbao. Kabla ya kuwasha, muwe na ruhusa ya mwenye mti na ya viongozi wa kilima, kwa maandishi. Raporta ya kupimia digrii iko darasani kwangu. Anayetaka kuazima aje baada ya masomo, airudishe kabla ya mtihani wa hesabu.